Kamera moja, maiki nyingi: jinsi ya kurekodi mkutano au ngoma ili kila mtu asikike

Siku hizi katika vijiji vya Masasi na Newala ni nadra kukuta mkutano usio na mtu aliyenyanyua simu kurekodi. Mkutano mkuu wa kijiji, mkutano wa AMCOS, mnada wa korosho, harusi, ngoma za kutoka jandoni, vyote vinapigwa video. Picha huwa nzuri. Tatizo ni sauti. Uso wa mwenyekiti unaonekana hadi jasho, lakini swali aliloulizwa halisikiki. Ngoma kubwa inasikika, lakini maneno ya wimbo yamepotea.

Makala hii inaeleza kwa nini jambo hilo hutokea na namna ya kulizuia kwa kutumia maiki zaidi ya moja. Tutaanza na vifaa ambavyo wengi wetu tunavyo, yaani simu mbili au tatu, kisha tutafika kwenye kamera kubwa za video zenye milango ya kuchomeka maiki.

Kwanza tukubaliane maneno. Tukisema maiki, tuna maana ya kifaa kinachopokea sauti. Kinachotoa sauti kubwa kwa watu ni spika. Watu wengi huviita vyote viwili kipaza sauti, na hapo mazungumzo huchanganyika.

Kwa nini maiki ya kamera haitoshi

Kamera inaweza kuvuta picha ya mbali. Ukigusa kioo, mtu aliyesimama mita 20 anajaa kwenye skrini. Maiki iliyomo ndani ya kamera haisogei pamoja na picha hiyo. Inabaki palepale ulipo wewe, na inasikia vilivyo karibu nawe: mtoto anayelia, bodaboda inayopita, na jirani anayemnong'oneza mwenzake.

Sauti hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo tu. Mtu anayeongea mita moja kutoka kwenye maiki, akihamia mita mbili, nguvu inayofika ni robo. Akihamia mita nne, ni sehemu moja ya 16. Kelele za mazingira hazipungui pamoja naye, kwa hiyo zinammeza.

Sikio la binadamu hutudanganya hapa. Tukiwa mkutanoni, akili yetu huchagua sauti ya kusikiliza na kuziacha nyingine. Maiki haina akili hiyo. Inachukua kila kinachofika na kukichanganya. Ndiyo maana mtu hurudi nyumbani akiamini amerekodi vizuri, akafungua video na kushangaa.

Chukua mfano wa mkutano wa AMCOS katika kata kama Chiungutwa, upande wa Masasi. Mkulima aliyekaa nyuma, chini ya mwembe, anasimama na kuuliza kuhusu makato kwenye malipo ya korosho zake. Viongozi waliokaa mezani wanamjibu. Mtu mwenye simu amesimama karibu na meza. Video yake itakuwa na jibu lote, na swali litakuwa kama upepo tu. Baada ya miezi miwili, mkulima akisema hakujibiwa alichouliza, video hiyo haiwezi kumsaidia yeye wala viongozi. Imebaki na upande mmoja wa mazungumzo. Hakuna aliyekusudia kumnyima sauti mkulima yule. Maiki ilikuwa mbali naye, basi.

Hilo ndilo jambo la kukumbuka katika makala hii yote: mahali ulipoiweka maiki ndipo panapoamua nani atasikika kesho.

Mashine mbili za mwaka 1906

Jambo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vita vya Majimaji kuanza, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule, kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri Lindi, Masasi na Newala hadi ndani ya uwanda wa Makonde. Alibeba mashine mbili. Moja ilikuwa kamera ya kupiga picha za kutembea. Nyingine ilikuwa fonografu, mashine iliyonasa sauti kwa kuchora mistari kwenye mrija wa nta. Alizitumia kupata ngoma na nyimbo za Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Mashine hizo hazikujuana. Picha hazikuwa na sauti, na sauti hazikuwa na picha. Fonografu haikuwa na umeme wala maiki. Ilikuwa na pembe kubwa kama ya tarumbeta, na aliyesikika ni yule tu aliyesimama mbele ya pembe hiyo, tena kwa dakika chache, kwa kuwa mrija ulijaa haraka. Kundi zima la waimbaji lilibaki kuwa sauti ya mtu mmoja au wawili, na wengine wakawa mwangwi wa mbali.

Leo kamera inanasa picha na sauti kwa pamoja. Lakini kamera yenye maiki moja bado ina tabia ya pembe ile. Anayesikika ni aliye karibu.

Njia ya kwanza: simu mbili au tatu

Kama huna kifaa kingine chochote, anzia hapa. Kila simu janja ina maiki na ina uwezo wa kurekodi sauti. Simu moja ipige video. Nyingine zifanye kazi ya maiki.

Katika mkutano, weka simu ya pili juu ya meza ya viongozi, juu ya kitambaa au kofia ili isichukue mitetemo ya meza. Simu ya tatu mpe kijana mmoja anayeaminika, akae upande wa wananchi. Mtu akisimama kuuliza, kijana amsogelee na kuishika simu kiasi cha shibiri mbili kutoka mdomoni mwake, chini kidogo ya kidevu ili pumzi isiigonge maiki. Anapomfikia mzee, amwamkie kwanza na amwambie simu hiyo inarekodi.

Kabla ya kuanza, fanya mambo manne kwa kila simu:

1. Washa hali ya ndege. Simu ikipigiwa katikati ya kurekodi, baadhi ya programu husimama.
2. Angalia chaji na nafasi iliyobaki. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya njia moja na ya ubora wa video, inachukua takriban megabaiti 500.
3. Fungua mipangilio ya programu ya kurekodi. Kama kuna aina ya faili iitwayo WAV, chagua hiyo, maana haibani sauti. Kama kuna namba 44,100 na 48,000, chagua 48,000. Hiyo ni idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde, na ndiyo inayotumika kwenye video.
4. Tafuta tundu la maiki. Kwenye simu nyingi liko chini, karibu na sehemu ya kuchomeka chaji. Usilizibe kwa kidole wala kwa kava.

Simu zote zikishaanza kurekodi, mtu mmoja asimame mbele ya kamera na apige kofi moja kali, mikono ikionekana. Kofi hilo lina kazi kubwa, tutalieleza mbele kidogo. Baada ya hapo usizizime simu hadi mkutano uishe.

Njia ya pili: maiki mbili kwenye kamera moja

Kamera nyingi za video hurekodi sauti katika njia mbili, yaani chaneli mbili: kushoto, inayoandikwa L, na kulia, inayoandikwa R. Watu wengi hudhani chaneli hizo ni za kupendezesha muziki tu. Kwa mtu anayerekodi mkutano, ni mifuko miwili tofauti. Unaweza kutia sauti ya mwenyekiti katika mfuko wa kushoto na sauti ya wananchi katika mfuko wa kulia, kisha ukiwa nyumbani ukaupandisha mmoja na kuushusha mwingine. Zikishachanganyika katika mfuko mmoja, hazitenganishiki tena kwa urahisi, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mboga.

Kamera ndogo huwa na tundu moja dogo la kuchomeka maiki. Kuna waya wenye ncha mbili zinazoungana kuwa moja, unaopeleka maiki ya kwanza kushoto na ya pili kulia. Unaponunua waya huo muulize muuzaji kama unatenganisha maiki mbili kushoto na kulia, kwa sababu kuna unaofanana nao ambao kazi yake ni kusikiliza hedifoni mbili kwa pamoja. Huo hautafanya kazi unayoitaka.

Angalia pia ncha ya plagi. Plagi ya maiki ya kamera ina mistari miwili myeusi. Plagi ya hedifoni za simu zenye maiki ina mistari mitatu. Maiki yenye mistari mitatu ikichomekwa kwenye kamera mara nyingi haisikiki, na yenye miwili ikichomekwa kwenye simu mara nyingi simu haiitambui. Adapta ndogo hutatua jambo hili. Elewa pia kwamba tundu la hedifoni la simu hupokea njia moja tu ya maiki. Ukichomeka maiki mbili hapo, zitachanganyika.

Kamera kubwa, zile zinazotumiwa na wapiga video wa harusi na watu wa televisheni, huwa na matundu mawili ya mviringo yenye pini tatu, yaitwayo XLR. Kila tundu lina swichi yake. Ikiwekwa LINE, inapokea sauti yenye nguvu kutoka kwenye mikisa. Ikiwekwa MIC, inapokea maiki ya kawaida. Ikiwekwa kwenye alama ya +48V, kamera inapeleka umeme mdogo kwenye maiki zinazouhitaji. Baadhi ya kamera hizo zina chaneli nne, hivyo unaweza kuacha maiki ya kamera yenyewe kwenye chaneli ya tatu na ya nne kama akiba.

Maiki zisizo na waya, zinazobanwa kwenye shati, sasa zimeenea. Nyingi huuzwa zikiwa mbili na kipokezi kimoja. Kwenye kipokezi kuna sehemu ya kuchagua kama sauti zichanganywe, yaani MONO, au zitenganishwe, yaani STEREO. Chagua zitenganishwe. Zikichanganywa, maiki ya mtu aliyenyamaza itaendelea kuleta kelele za shati lake juu ya maneno ya anayeongea. Kumbuka pia kwamba mwili wa binadamu huzuia mawimbi hayo. Mtu akigeuka na kuipa kamera mgongo, au umati ukisimama katikati, sauti inaweza kukatikakatika hata kama umbali ni mdogo kuliko ulioandikwa kwenye boksi.

Njia ya tatu: mikisa, au kinasa sauti cha kando

Ukiwa na maiki nne au zaidi, kamera yenye matundu mawili haikutoshi. Hapo kuna njia mbili.

Ya kwanza ni mikisa, ile meza yenye vitufe vingi ambayo watu wa muziki huja nayo. Maiki zote zinaingia kwenye mikisa, na waya mmoja unatoka kwenda kwenye kamera. Faida yake ni kwamba kila kitu kinaishia ndani ya video moja. Hasara yake ni kwamba uchanganyaji unafanyika palepale. Fundi akisahau kupandisha kitufe cha maiki ya wananchi, hakuna cha kufanya baadaye. Kama mikisa ina vitufe vya kupeleka sauti kushoto au kulia, vitumie: viongozi wote kushoto, wananchi wote kulia.

Hadhari moja: sauti inayotoka kwenye mikisa ina nguvu kubwa mara nyingi kuliko ya maiki. Ukiiingiza kwenye tundu la maiki la kamera bila kubadili swichi, itakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho. Weka LINE. Kama kamera haina swichi hiyo, tafuta waya wa kupunguza nguvu.

Ya pili ni kinasa sauti cha kando chenye njia nyingi. Kipo kwa mfano kinasa cha Zoom H6, ambacho kinaweza kurekodi hadi njia sita, kila moja katika faili lake. Kinakaa karibu na maiki, kamera inakaa mbali, na hakuna waya kati yao. Njia nne za sauti isiyobanwa zinakula takriban gigabaiti mbili kwa saa, kwa hiyo memori kadi ya gigabaiti 32 inatosha mkutano mrefu na kubaki.

Mara nyingi kwenye mkutano wa hadhara kuna spika na mikisa ya kukodi. Ukiomba kwa heshima, fundi anaweza kukupa waya kutoka kwenye tundu la kurekodia. Utapata sauti safi ya kila aliyeongea kwenye maiki. Lakini utapata hao tu. Mama aliyeongea kwa sauti yake mwenyewe bila kupewa maiki hatakuwemo kabisa. Kwa hiyo hata ukipewa waya huo, weka maiki nyingine upande wa watu.

Wapi pa kuziweka

Kwenye mkutano, kanuni ni sehemu tatu: meza ya viongozi, wananchi wanaouliza, na maiki moja ya kupata hali ya mkutano mzima. Makofi, vicheko na miguno ni sehemu ya kumbukumbu. Mnada wa korosho ukisomwa bei, watu wakaguna, mguno huo ni habari.

Kwenye ngoma, kosa linalotokea sana ni kuweka maiki zote karibu na wapigaji. Ngoma ina nguvu ya kujilinda yenyewe, inasikika popote. Kinachohitaji maiki ni sauti za watu. Ikiwa una maiki nne za kurekodi sindimba, kwa mfano, weka moja kwa anayeongoza wimbo, moja kwa waitikiaji, moja kati ya ngoma kubwa na chapuo, na moja kwa njuga na miguu ya wachezaji. Maiki ya ngoma isielekee katikati ya ngozi moja kwa moja. Iinamishe pembeni, mita moja au zaidi, na juu kidogo. Wapigaji wakienda kukanza ngoma motoni ili ngozi ikazike, angalia viwango upya wakirudi, kwa kuwa mlio umebadilika.

Maiki mbili zisisongamane. Sauti ya mtu mmoja ikiingia kwenye maiki mbili kwa wakati tofauti kidogo, zikichanganywa zinapunguzana, na mtu anasikika kama anaongea ndani ya debe. Mafundi wana kanuni rahisi: kama maiki iko nusu mita kutoka kwa mtu wake, maiki ya pili iwe angalau mita moja na nusu kutoka kwa maiki hiyo. Yaani mara tatu.

Viwango: ngoma isichome sauti

Simu na kamera nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Watu wakinyamaza, kamera inapandisha, na unasikia nyenje na jenereta la dukani. Ngoma ikipigwa, kamera inashusha ghafla, na mwimbaji anazama. Kama kamera ina sehemu ya kuzima tabia hiyo, izime na upange mwenyewe.

Ukipanga mwenyewe, utaona mstari unaopanda na kushuka wenye namba za desibeli, zinazoishia kwenye sifuri. Mwombe mtu aongee kwa nguvu atakayotumia kweli, si kwa kunong'ona "moja, mbili, tatu". Mstari ufike kwenye -12 hivi anapoongea kwa nguvu. Usifike sifuri kamwe. Sauti iliyofika sifuri imekatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha sawasawa. Sauti ndogo unaweza kuipandisha baadaye.

Sikiliza kwa hedifoni wakati wote. Mstari unaotembea unakuonyesha kwamba kuna sauti, haukuonyeshi kama ni maneno au ni upepo.

Upepo na jenereta

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, na aliyewahi kusimama Shimo la Mungu anaujua upepo wake. Upepo ukiigonga maiki huleta ngurumo inayofunika maneno. Sponji nyembamba linasaidia kwa upepo mdogo. Kwa upepo mkubwa, vifuniko vyenye manyoya ni bora zaidi. Usipokuwa nacho, geuza mgongo wako uwe ukuta kati ya upepo na maiki, au chagua upande wa jengo uliokingwa.

Jenereta liwekwe mbali kadiri waya unavyofika, nyuma ya nyumba, na upande ambao upepo unaelekea, ili mlio wake uchukuliwe kwenda mbali. Waya za maiki zisilale pamoja na waya za umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na waya zikikaa bega kwa bega mzunguko huo unaweza kuingia kwenye sauti kama mvumo usiokoma. Pasipo budi, zikatishane kama msalaba, zisifuatane.

Kuoanisha sauti na picha

Sasa umerudi nyumbani na video moja na faili tatu za sauti. Hapa ndipo lile kofi la mwanzo linapofanya kazi. Kwenye kila faili, kofi linaonekana kama mwiba mrefu katika mchoro wa sauti. Kwenye video unaona viganja vikikutana. Sogeza kila sauti hadi mwiba wake ukae chini ya picha ya viganja vilivyokutana. Programu za simu kama CapCut na KineMaster zinaruhusu kuongeza sauti za ziada chini ya video. Kwenye kompyuta, Audacity ni ya bure kwa kazi ya sauti.

Usishangae sauti ya kamera ikichelewa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyo mita 34 kutoka kwenye ngoma inapokea mlio baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati maiki iliyo karibu na ngoma imeshaupata. Ukichanganya zote mbili utasikia ngoma inapigwa mara mbili. Tumia sauti ya maiki za karibu, na ya kamera iache chini sana au izime.

Jambo jingine ni saa za ndani. Hakuna vifaa viwili vyenye mwendo sawa kabisa. Tofauti ndogo ya sehemu 20 katika milioni inakuwa zaidi ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa saa moja, na midomo inaanza kuachana na maneno. Piga kofi la pili mwishoni mwa mkutano. Ukiona limeachana, kata sauti vipande katika sehemu za ukimya na usogeze kila kipande kidogo.

Kabla ya kutuma, isikilize kazi yako kwenye spika ya simu ya kawaida. Kama sauti ya mwenyekiti iko kushoto tu, anayesikiliza kwa hedifoni moja ya kulia hatasikia kitu. Ukishamaliza kupanga, chaneli zote mbili ziwekwe katikati, masikio yote yapate kila mtu. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama video ya kawaida, ili isibanwe ikapoteza ubora. Faili za awali zihifadhi. Hizo ndizo kumbukumbu. Video iliyokatwa na kupangwa ni nakala yake tu.

Ruhusa kabla ya maiki

Maiki za karibu zina nguvu ambayo maiki ya mbali haina: zinanasa mnong'ono. Viongozi wawili wanaoteta mezani, au akina mama wanaozungumza mambo ya nyumbani, wanaweza kuingia kwenye rekodi bila kujua. Tangazeni mwanzoni mwa mkutano kwamba kunarekodiwa, onyesheni maiki ziko wapi, na wakati wa mapumziko zizimwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sauti ya mtu anayetambulika ni sehemu ya taarifa zake.

Kwenye jando na unyago hadhari ni kubwa zaidi. Kuna ngoma za uwanjani ambazo kila mtu anaziona, na kuna nyimbo na mafundisho ya ndani ambayo si ya kila sikio. Waulizeni wazee, kungwi na wazazi kabla ya kuweka kifaa, na waamue wao mpaka uko wapi. Jibu likiwa hapana, maiki ibaki mfukoni.

Kwa upande wa mkutano wa kijiji, sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Hiyo ni angalau mikutano minne kwa mwaka ambapo mapato na matumizi, ardhi, shule na maji hujadiliwa. Rekodi haichukui nafasi ya muhtasari unaoandikwa na mtendaji. Lakini muhtasari ukisema "wananchi waliuliza maswali na kujibiwa", rekodi nzuri inaweza kuonyesha ni swali gani na lilijibiwaje.

Kwa hiyo ukienda kurekodi mkutano ujao, hesabu kwanza watu kabla ya kuhesabu vifaa. Jiulize nani ataongea, amekaa wapi, na kama kuna maiki itakayomfikia. Kama jibu ni kwamba aliyekaa nyuma hana maiki, hamisha moja kutoka mbele. Mwenyekiti ana sauti kubwa na spika. Atasikika tu.